Ordinateri ya ekrani kubwa na nyepesi: tuinunue kwa kazi gani?

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanamemba wote, Katoyi

 Vijana munaosimama kule mulangoni, ingieni, huku mbele nafasi iko.

Komite iliniomba nizungumze juu ya ile ordinateri ambayo chama kinafikiri kununua. Najua maneno yamekuwa mengi. Kuna wanaosema chama cha watu wengi hivi hakiwezi kuendelea na kaye moja ya hesabu inayolala kwa nyumba ya mutu mmoja. Kuna wanaosema feza ya sanduku ni ya kukopeshana, si ya kununua vitu vya kung'aa. Na mama mmoja aliniuliza pale njiani: «Mwanangu, ile mashini itauza makala?» Hapana mama, haitauza makala. Lakini umeuliza vizuri, na ndilo swali nitajibu leo: kitu cha bei kama ile kitatufanyia nini, na kazi gani tunaweza kuzifanya bila chenyewe.

Mimi si mutu wa kuuza ordinateri. Kazi yangu ni ya kuzunguka: leo Ndosho, kesho Mugunga, siku ingine Majengo. Kwa ile kazi tunatumia mashini ya ekrani ya inchi 17, nyepesi, ya namna ile komite imeona kwa picha. Imepanda moto, imelala kwenye nyumba za mbao, imefanya kazi siku nzima bila umeme. Nitawaambia vile inavyofanya, kazi kwa kazi, na mwisho nitasema maoni yangu. Kuamua ni kwenu.

Ni mashini ya namna gani

Zamani, ukitaka ordinateri ya kubeba yenye ekrani ya inchi 17, ulikuwa unabeba karibu kilo 3, na sharjeri yake juu. Kwa hiyo watu wa kutembea walichukua ndogo, na kubwa zilibaki mezani. Mwaka 2019 kampuni ya LG ya Korea Kusini ilitoa LG gram 17, yenye ekrani ya inchi 17 na uzito wa kilo 1.34. Mwezi wa Juni 2023 Apple ya Marekani ikatoa MacBook Air ya inchi 15.3, kilo 1.51. Leo basi ekrani kubwa inaingia mufuko wa mgongoni, na uzito wake ni sawa chupa ya maji ya litri moja na nusu.

Inchi zinapimwa toka kona mpaka kona. Ile ya inchi 17 iko na upana wa sentimita 36 na nusu, na kimo cha sentimita 23. Ile ya kawaida ya inchi 14 iko na upana wa 31, na kimo cha 17. Ukizidisha, unaona kubwa inaipita ndogo kwa zaidi ya nusu ya eneo. Si tofauti ya kidole kimoja.

Sasa bei. Ile MacBook Air ilipotoka, kule Marekani iliuzwa dola 1,299, bila usafiri, bila duane. Tuseme tuko watu 60 na kila mmoja anatoa dola 2 kwa mwezi. Hiyo ni dola 120. Tungekaa karibu miezi 11 bila kumkopesha mutu hata mmoja. Mama wa sambaza angengojea, kijana wa moto anayetaka pneu mpya angengojea, yule aliyetoka Kyangwali juzi na hana hata bati la kufunika nyumba angengojea. Ile hesabu muiweke kichwani wakati ninaendelea.

Hesabu za sanduku

Hapa ndipo ekrani kubwa inafanya kazi kweli. Kaye yetu ya michango iko na safu hizi: namba ya mwanamemba, jina, miezi 12, mkopo, alicholipa, kinachobaki. Ni safu 17. Kwenye ekrani ya inchi 14 unasukuma kulia ili uone Novemba, na ukifika Novemba jina limeshapotea kushoto. Njia ya kugandisha majina yasipotee iko, lakini basi nafasi inayobaki kwa miezi ni ndogo. Ni pale feza ya mutu inaandikwa kwenye mustari wa mwenzake. Kwenye inchi 17 mwaka mzima unakaa mbele ya macho.

Kuna jambo la pili. Mashini nyingi za inchi 17, na LG gram 17 ni mojawapo, ziko na vibonyezo vya namba pembeni, mukono wa kuume, sawa mashini ya hesabu ya dukani. MacBook Air ya inchi 15 haina. Kwa mama mtunza sanduku anayeingiza namba mia na zaidi kila mwisho wa mwezi, hicho si kitu kidogo. Macho yanabaki kwenye karatasi, vidole vinajua njia.

Kuonyesha hesabu mbele ya wanamemba

Hii kwangu ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Niwaeleze kitu nilichoona katika kartie ingine, nisiitaje. Kikundi cha kuweka akiba, wamama karibu 15, walikaa nusu mduara mbele ya ekrani. Kila mmoja iko na namba yake. Mama wa namba 23 akatazama mustari wake, akasema: «Februari yangu iko wapi?» Ilikuwa tupu. Akatoa karatasi ya kupokea toka kitambaani. Kumbe ile feza iliandikwa kwenye namba 32. Ikarekebishwa pale pale, mbele ya wote, na mama wa namba 32 akacheka akasema alijua ni baraka tu. Kwa kaye ya kufungwa, yule mama angejua siku ya kugawana, mwezi wa Desemba, wakati watu wanagombana na hakuna anayekumbuka Februari.

Mutaona: yule mama hajui kusoma. Lakini namba anazijua kunipita mimi, juu anauza soko kila siku. Wengi wetu humu tuko hivyo. Tulipita Nakivale, tulipita Kiziba, tulipanga mustari kwenye meza nyingi ambapo mutu mwingine alitazama ekrani na sisi tulitazama mugongo wa ekrani. Hapa kwetu ekrani igeuzwe ituangalie sisi.

Lakini musidanganyike, inchi 17 si sinema. Tumejaribu: mutu aliye mita 3 anahitaji namba za kimo cha sentimita moja na nusu ili asome bila kujikaza. Kwenye ekrani ya kimo cha sentimita 23, hiyo ni mistari 8, kwa nguvu 9. Kwa hiyo inafaa watu 12 mpaka 15, si mkutano wote kama huu. Tutaonyesha kikundi kwa kikundi.

Na mwanga. Ekrani nyingi zinang'aa sawa kioo. Ukiiweka ikatazama mulango wazi, watu wataona sura zao na mawingu. Weka ekrani itazame ukuta, watu wakae katikati, ukuta uwe nyuma yao. Inje kwenye jua la saa sita, mashini hizi zote ni shida. Hata ile MacBook Air, yenye mwanga wa niti 500, ambao ni mwingi, haishindani na jua.

Mumoja atauliza: kwa nini tusitumie televizyo? Ni wazo zuri. Kama tungekutana kila mara kwa nyumba moja yenye umeme na televizyo ya inchi 32, ningewaambia munununue ordinateri ndogo ya okazio na kamba ya HDMI, basi. Mungeona vizuri zaidi kwa feza kidogo. Lakini sisi tunazunguka. Mwezi huu tuko hapa, mwezi ujao upande wa Ndosho, na wazee wawili wagonjwa tunawafuata kwao. Televizyo haifuati mugonjwa.

Barua, statuti na karatasi zetu

Kwa kuandika barua, ekrani yoyote inatosha. Barua ya kuomba kiwanja cha mkutano haiwi nzuri zaidi juu iliandikwa kwenye inchi 17. Kuna kazi moja tu ya kuandika ambayo kubwa inasaidia: kuweka karatasi mbili pembeni kwa pembeni. Statuti za chama lazima zifuate sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya vyama visivyotafuta faida, nazo zimeandikwa Kifaransa. Sisi tunazitaka Kiswahili pia, ili kila mutu ajue alitia saini nini. Kwenye inchi 17 kurasa mbili zinakaa pamoja, Kifaransa kushoto na Kiswahili kulia, na zinasomeka. Ni kazi ya wiki mbili tatu, kisha imekwisha.

Juu ya kutunza picha za karatasi, yaani atestasyo za kurudi, karatasi za kuzaliwa za watoto, bulete za masomo: picha inapigwa na telefone, si na ordinateri. Ordinateri ni sanduku la kuzitunza tu. Kwa hiyo pia ekrani kubwa haina faida. Hatari yake nitaisema chini.

Kuita ndugu walio mbali

Wengine walifurahi waliposikia ekrani kubwa, wakifikiri kuona sura za ndugu waliobaki Uganda. Nawaelewa. Lakini kamera za mashini hizi nyingi hazishindi kamera ya telefone nzuri, na mega zitaliwa sawasawa. Sauti yake ni ndogo: chini ya bati, mvua ikianza, hamusikii kitu mpaka muunganishe bafle. Kwa kazi hii tumieni telefone. Usinunue ordinateri juu ya WhatsApp.

Masomo ya watoto

Hapa iko faida, na watu wengi hawaijui. Kuna programu ya bure inaitwa Kiwix, inayoweka Wikipedia nzima ndani ya mashini, unasoma bila intaneti. Kuna ingine ya bure, Kolibri, iliyotengenezwa kwa shule zisizo na intaneti, yenye mazoezi na video za hesabu na sayansi. Unazishusha mara moja mahali intaneti iko nguvu, kisha zinatembea na mashini. Vijana watano wanaotayarisha mtihani wa Serikali wanaweza kukaa mbele ya ekrani moja ya inchi 17 bila kusukumana. Kwenye inchi 14 ni watatu, na wa nne anaona kona. Mutu afikiri juu ya hii kazi: siku za juma mashini haina kazi ya hesabu, inaweza kuwa ya watoto mchana.

Mpira na filme: najua vijana wanangojea niseme. Inaweza, na picha ni nzuri. Lakini video na mwanga wote vinakula bateri haraka, na mashini ya chama ikianza kuzunguka juu ya mpira haitarudi na sharjeri yake. Mimi nasema hapana.

Uzito kwenye barabara zetu

Watu wa miji mingine wakipima uzito wa mashini, wanafikiri bega. Sisi tunafikiri pia siku ya kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilitapika na lava ikapita katikati ya muji. Tarehe 22 Mei 2021 ikarudia, lava ikasimama Buhene, na tarehe 27 Mei serikali ikaamuru makartie mengi yahame. Tulitembea kwenda Sake, wengine Minova, wengine walivuka Gisenyi. Nani kati yetu alibeba kitu cha kilo 3 kisicho chakula wala mtoto? Kitu cha kilo 1.34 kinaingia chini ya nguo kwenye mufuko, kinaenda. Kizito kinabaki, na hesabu zetu zinabaki nacho. Kwa hiyo wepesi, kwa chama cha watu sawa sisi, si mapambo. Ndiyo sababu ya pili ya kufikiria mashini ya namna hii.

Lakini wepesi uko na bei yake. Mwili wa mashini hizi ni mwembamba. Ukiibonyeza inajikunja kidogo. Mutu asikae juu ya mufuko, mutu asiweke munzigo juu yake. Kwenye moto mufuko ukae mgongoni kwa abiria, usikae mbele ya motari kwenye tanki, juu kule inapokea mitikisiko yote ya mawe. Na ndani iwe na disiki ya SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka. Mashini za zamani zenye disiki ya kuzunguka, barabara zetu za lava zinaziua.

Umeme

Hapa Goma kuna avenyu zenye umeme na avenyu zisizo nao, na hata penye umeme unakatika. Mwisho wa Januari 2025 muji ulikaa siku kadhaa bila umeme, bila maji, bila intaneti. Basi tupime mashini kwa bateri yake.

Bateri inahesabiwa kwa wati-saa. LG gram 17 ya 2019 iko na 72, ile ya 2020 iko na 80. MacBook Air ya inchi 15 iko na 66.5. Kazi ya hesabu na kuandika, mwanga wa katikati, inakula kama wati 10. Gawanya: 80 kwa 10 ni saa 8. Ukiweka mwanga wote na video, inaweza kula wati 16, na saa zinabaki 5. Kisha kumbuka kwamba bateri inazeeka. Ya okazio iliyobaki na asilimia 70 ya nguvu yake inakupa wati-saa 56, yaani saa 5 na nusu za kazi ya kawaida. Bado inatosha mkutano na safari. Linganisha na zile kubwa nzito za okazio, zilizobaki na saa moja na nusu.

Mashini hizi mpya zinapokea umeme kwa tundu dogo la USB-C, sawa la telefone nyingi za leo. Hii ni faida: sharjeri moja ya wati 65 inahudumia mashini na telefone. Lakini paue-banki ndogo ya telefone haiwezi kuilisha. Paneli ya jua ya wati 50, siku yenye saa 4 za jua zuri, inaleta wati-saa 200. Toa zinazopotea njiani, baki na 140 hivi. Hiyo ni mashini mara moja, na telefone tatu. Siku ya mawingu, gawanya kwa mbili au zaidi.

Vumbi na fundi

Vumbi letu jeusi munalijua. Mashini yenye feni inalivuta ndani, na baada ya mwaka inaanza kupata joto na kupiga kelele. Inabidi fundi aifungue aisafishe. MacBook Air haina feni kabisa, kwa hiyo vumbi halipati njia kubwa. Lakini memori yake na disiki yake vimeunganishwa na kibao kikuu. Kibao kikifa, vyote vinakufa pamoja. LG gram disiki yake inatoka kwa visi, fundi anaweza kuichukua na kuiweka kwenye ingine. Kwangu mimi, mashini ambayo fundi wa hapa mujini anaweza kuifungua inashinda mashini nzuri isiyofunguka.

Orodha ya majina yetu

Hapa naomba munisikilize vizuri, juu hili ni zito kuliko ekrani na bateri.

Leo kaye yetu iko na majina, namba za telefone, mahali mutu alipotoka, kambi aliyopita, na mahali anapolala sasa. Kaye ikiibiwa, mwizi mmoja anaisoma. Faili ikiibiwa, inanakiliwa mara elfu kwa dakika moja. Mwisho wa Januari 2025 tuliona wote vile ofisi na depo nyingi zilivyoporwa hapa mujini. Sisi watu waliorudi tunajua jina kwenye orodha linaweza kumfanyia mutu nini. Nchi yetu pia iko na Kanuni ya Numeriki, Sheria-Agizo nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayosema habari za mutu zinalindwa na haziwezi kukusanywa bila sababu. Chama kidogo pia kiko chini yake.

Kwa hiyo kabla mashini haijaingia, tukubaliane hivi. Kwenye faili ya hesabu iwe namba ya mwanamemba na jina la kumwita tu. Habari za kambi na za kijiji hazina kazi kwenye hesabu, zisiingie. Disiki yote ifungwe kwa siri: Windows ya aina ya Pro iko na BitLocker, Mac iko na FileVault, na iko programu ya bure inaitwa VeraCrypt. Neno la siri wajue watu wawili, si mmoja, si watano. Kila mwisho wa mwezi nakala moja iende kwenye flashi iliyofungwa pia kwa siri, ilale kwa nyumba ingine, avenyu ingine. Na karatasi za kupokea zisiachwe. Yule mama wa namba 23 aliokolewa na karatasi. Ekrani ilimwonyesha tu kwamba kuna kosa.

Ukienda kutazama mashini

Kama mutaamua kununua, itakuwa ya okazio, na mutazame haya kabla feza haijatoka mukononi.

Kwanza, iwashe bila sharjeri. Muuzaji akisema lazima ikae kwenye umeme, ondoka. Kwenye Windows kuna amri inaitwa powercfg /batteryreport. Inakuandikia bateri ilizaliwa na nguvu ngapi na leo imebaki ngapi. Ikiwa chini ya asilimia 60, punguza bei ao acha.

Pili, fungua ukurasa mweupe ekrani nzima, tafuta madoa na mistari. Ekrani ya inchi 17 ikivunjika, kupata ingine hapa ni kazi. Fungua na funga kifuniko mara kumi, usikilize bawaba.

Tatu, piga kila kibonyezo. Zinazotoka Ujerumani ziko na mpango wa herufi tofauti, zinazotoka Uingereza tofauti, na sisi tulijifunza kwa mpango wa Kifaransa. Si ugonjwa, unaweza kubadilisha ndani, lakini michoro ya juu haitafanana na kinachotokea.

Ine, hakikisha haijafungwa na kampuni ya kwanza ao na mwenyewe wa zamani. Muuzaji aifute mbele yenu na aiwashe upya. Ikiomba jina na neno la siri la mutu asiyejulikana, ni ya wizi ao ni ya matatizo. Muombe karatasi ya kununua.

Tano, msaada wa bure wa Windows 10 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashini za Intel, tafuta kizazi cha nane ao zaidi ili ikubali Windows 11. LG gram 17 ya 2019 iko ndani. Kama mashini ni nzuri lakini ya zamani, kijana anayejua anaweza kuweka Linux na LibreOffice, vyote bure, na hesabu zetu zitatembea bila shida.

Maoni yangu

Nifunge. Nimewapa kazi saba. Kwa barua, picha za karatasi, kuita ndugu na mpira, ekrani kubwa haina sababu. Telefone zetu ao mashini yoyote ya okazio zinatosha. Kwa masomo ya watoto inasaidia vizuri. Kwa hesabu za sanduku na kuzionyesha wanamemba, inabadilisha mambo, na juu tunazunguka, lazima iwe nyepesi.

Kwa hiyo mimi nasema: tununue, lakini si mpya, na si kwa feza ya mikopo. Komite ifungue mufuko wa pembeni. Kila mutu aweke anachoweza juu ya mchango wake, na sanduku la mikopo lisiguswe hata franga moja. Tukifikisha nusu ya bei, ndipo tuombe wafadhili nusu ingine, tukiwa na kitu mukononi. Na kabla ya mashini yenyewe, tununue vitatu hivi: flashi mbili, mufuko wa mgongoni wenye povu ndani, na kaye mpya ya karatasi za kupokea zenye namba. Vile vinaanza kutulinda tangu mwezi huu, hata mashini ikichelewa.

Na wakati tunangojea, mama mtunza sanduku akubali kitu kimoja ambacho hakiombi umeme: kila mkutano, kabla ya kufunga, asome namba zote kwa sauti, na kila mutu ajibu kama ni sawa. Tulimjaribisha leo asubuhi na komite. Ilichukua dakika 20.

Mkutano ujao prezida ataomba mikono. Muzungumze nyumbani, muulize watoto, muulize na yule mwanamemba ambaye leo hakuweza kufika. Wenye maswali, niko hapa mpaka mvua itukimbize.